Jinsi ya kuandika zana za mikusanyiko zilizo salama kwa nyuzi nyingi katika maktaba ya Java

Wanaoanza kuandika maktaba ya Java itakayotumiwa na wenzao kazini huniuliza maswali yale yale matatu. La kwanza: "Nimetumia `ConcurrentHashMap`, mbona malipo yale yale yameingia mara mbili?" La pili: "Nikiandika `synchronized` kwenye kila methodi, si nimemaliza?" La tatu: "Mbona programu imeganda na haikutoa kosa lolote?" Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, kwa kujenga maktaba moja ndogo hatua kwa hatua, ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa.

Mfano wetu ni maktaba inayopokea taarifa za malipo ya simu kutoka kwa mtoa huduma na kuhakikisha kwamba kila risiti inashughulikiwa mara moja tu. Nimeuchagua kwa sababu uliwahi kuniumiza. Katika mfumo mmoja niliofanyia kazi, jibu letu lilipochelewa, mtoa huduma alituma taarifa upya, na taarifa mbili zenye namba moja ya risiti zikawasili kwa pamoja kwenye nyuzi (threads) mbili tofauti. Akaunti ya mteja iliongezwa fedha mara mbili. Msimbo uliosababisha hayo ulikuwa na mistari mitatu, ulikuwa umekaguliwa na watu wawili, na ramani iliyotumika ilikuwa `ConcurrentHashMap`, ile ile ambayo kila kitabu husema ni salama.

Anayeandika programu ya kawaida anazijua nyuzi zake, kwa hiyo anaweza kujihadhari. Anayeandika maktaba hajui ataitwa na nyuzi ngapi wala kwa mpangilio gani, na hawezi kumtegemea mtumiaji akumbuke kujilinda. Kwa sababu hiyo usalama ni lazima uwe ndani ya umbo la methodi zenyewe, na takriban kila hatua iliyo hapa chini ni namna ya kulitimiza hilo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- JDK toleo la 17 au la 21. Mifano inatumia `record`, ambazo zilikuwa rasmi katika toleo la 16.
- Maven au Gradle (zana za kujenga mradi), pamoja na JUnit 5 (ya kuandikia majaribio).
- Kompyuta yenye angalau viini vinne. Katika mashine ya kiini kimoja dosari nyingi za aina hii hujificha, kisha hujitokeza kwenye seva.
- Mazoea ya kutumia `List`, `Map` na `Runnable`. Si lazima uwe umewahi kuanzisha uzi kwa mkono wako.

Nadharia ninayokutaka uwe nayo ni mambo mawili tu. Uzi ni mtiririko mmoja wa utekelezaji ndani ya programu, na nyuzi nyingi zinaweza kuigusa data moja kwa wakati mmoja. Jambo la kwanza, basi, ni kugawanyika kwa tendo: mstari `idadi++` unaonekana kuwa tendo moja, lakini ni matatu, yaani kusoma, kuongeza na kuandika. Nyuzi mbili zikisoma 7 kwa pamoja, zote zitaandika 8, na hesabu moja imepotea. Jambo la pili ni kuonekana: uzi mmoja ukiandika kwenye uga (field) wa kawaida, Java haiahidi kwamba uzi mwingine utaiona thamani hiyo mpya, isipokuwa kuna kitu kinachoziunganisha nyuzi hizo, kama vile kufuli (lock) lile lile, ambalo hushikwa na uzi mmoja tu kwa wakati kwa kutumia `synchronized`, uga wa `volatile`, au klasi za kifurushi cha `java.util.concurrent`, kilichoingizwa katika Java 5 mwaka 2004. Kufuli hutatua mambo yote mawili. `volatile` hutatua la pili peke yake, na ndiyo maana `volatile int idadi` ikifuatwa na `idadi++` bado ni kosa.

Hatua ya 1: Andika ahadi ya klasi kabla ya msimbo wake

Juu ya kila klasi ya umma, katika maelezo ya Javadoc, andika sentensi moja kati ya hizi tatu: klasi hii haibadiliki, klasi hii ni salama kwa nyuzi nyingi, au klasi hii si salama, na mtumiaji ajilinde mwenyewe. Ahadi ya tatu haina aibu yoyote. `ArrayList` na `HashMap` zenyewe ziko katika kundi hilo, na zinafanya kazi vizuri kwa sababu maelezo yake yanasema hivyo waziwazi.

Madhara hutokea pale ahadi isipoandikwa au isiposomwa. Wanaprogramu wengi waliweka `SimpleDateFormat` kwenye uga wa `static` na kuitumia katika nyuzi zote, kwa kuwa kupanga tarehe kunaonekana kama kazi isiyobadilisha chochote, kumbe ndani yake kuna kalenda inayoandikwa upya kila inapoitwa. `DateTimeFormatter` iliyokuja na Java 8 haibadiliki, na inaweza kutumiwa na nyuzi zozote bila kufuli.

Hatua ya 2: Kila kinachoweza kutobadilika kisibadilike

Data isiyobadilika haihitaji kufuli. Anza na risiti yenyewe:

```java
public record Risiti(String namba, long kiasi, List<String> vitu) {
    public Risiti {
        Objects.requireNonNull(namba, "namba");
        vitu = List.copyOf(vitu);
        if (vitu.isEmpty()) {
            throw new IllegalArgumentException("risiti haina vitu");
        }
    }
}
```

Tazama mpangilio wa mistari miwili ya katikati. Nakala inafanywa kwanza, kisha ndiyo inayokaguliwa. Ukikagua orodha aliyokupa mtumiaji halafu ukanakili baadaye, uzi mwingine unaweza kuifuta kati ya mistari hiyo miwili, nawe utahifadhi risiti tupu iliyopita ukaguzi.

*Tahadhari.* Nyuga za `record` ni `final`, lakini `final` hulinda rejeleo tu, haiilindi orodha inayoelekezwa nalo. Bila `List.copyOf`, aliyekupa orodha anaweza kuendelea kuibadilisha ukiwa umekwisha kuihifadhi. Usitumie `Collections.unmodifiableList` mahali hapa: hiyo ni dirisha la kutazamia orodha ile ile, si nakala, na mwenye orodha akibadilisha kitu, mabadiliko yanaonekana dirishani. Kumbuka pia kwamba `List.copyOf` haikubali `null` ndani ya orodha, na itatoa `NullPointerException`. Kwa maktaba ya malipo naiona kuwa faida.

Hatua ya 3: Tendo lenye sehemu mbili liwe methodi moja

Hapa ndipo penye jibu la swali la kwanza. Msimbo uliotuumiza ulikuwa wa namna hii:

```java
// KOSA
if (!zilizopokelewa.containsKey(risiti.namba())) {
    zilizopokelewa.put(risiti.namba(), risiti);
    ongezaSalio(risiti);
}
```

`containsKey` ni salama, na `put` ni salama, lakini kati yake kuna mwanya. Uzi wa kwanza unauliza kama namba ipo na kuambiwa haipo. Kabla haujaandika, uzi wa pili unauliza na kuambiwa vivyo hivyo. Kisha wote wawili wanaongeza salio. Matendo mawili salama yakifuatana hayawi tendo moja salama. Ukiacha mwanya huo mikononi mwa mtumiaji wa maktaba yako, usitarajie auone, kwa maana sisi tuliouandika hatukuuona.

Msimbo unaofaa ni huu:

```java
public final class DaftariLaRisiti {
    private final ConcurrentHashMap<String, Risiti> zilizopokelewa =
            new ConcurrentHashMap<>();

    /** Hurudisha true kwa uzi mmoja tu kwa kila namba ya risiti. */
    public boolean pokea(Risiti risiti) {
        return zilizopokelewa.putIfAbsent(risiti.namba(), risiti) == null;
    }

    public boolean achilia(Risiti risiti) {
        return zilizopokelewa.remove(risiti.namba(), risiti);
    }
}
```

`putIfAbsent` huuliza na kuandika kwa pigo moja, na hurudisha `null` pale tu ambapo namba haikuwamo. Mtumiaji sasa anaandika `if (daftari.pokea(risiti))`, na hana nafasi ya kukosea mpangilio. Zingatia kwamba klasi haina `contains` ya umma. Nimeiacha kwa makusudi, kwa sababu mtu akiiona ataitumia, na ataitumia kuujenga upya mwanya ule ule.

`achilia` ni ya pale `ongezaSalio` inaposhindwa, kwa mfano hifadhidata ilipokataa. Iite tu ukiwa na uhakika kwamba salio halikuongezwa. Ikiwa muunganisho ulikatika ukingoja jibu, hujui kama salio liliongezwa au la, na kuiachilia risiti hiyo ni kujirudisha kwenye kosa la mwanzo. Iache mle, iandike kwenye kumbukumbu za mfumo, na mtu aikague. Daftari hili pia hukua bila kikomo, hivyo katika matumizi halisi utahitaji utaratibu wa kuondoa risiti za zamani.

Kwa kuhesabu, tumia mantiki hiyo hiyo. Badala ya `get`, kuongeza na `put`, andika `hesabu.merge(ufunguo, 1, Integer::sum)`.

*Tahadhari kuhusu `computeIfAbsent`.* Methodi hii huvutia wengi, nayo ni nzuri, ila ina masharti mawili. Kwanza, kazi unayoipa hutekelezwa huku sehemu ya ramani ikiwa imefungwa, kwa hiyo ukiita mtandao humo ndani, nyuzi zinazotafuta funguo nyingine kabisa zinaweza kusubiri. Pili, kazi hiyo isiiguse ramani ile ile. Katika Java 8 kosa hilo liliweza kuigandisha programu kimyakimya. Kuanzia Java 9, linapogunduliwa hutolewa `IllegalStateException` yenye maneno "Recursive update", ambayo ni afadhali mara mia.

Hatua ya 4: Ficha kufuli lako, na usiite msimbo wa wengine ukiwa umelishika

Unapohitaji kufuli la wazi, tengeneza `private final Object kufuli = new Object();`. Usifunge kwa `synchronized (this)` wala kwa `synchronized` kwenye saini ya methodi ya umma, kwa sababu obijekti yako iko mikononi mwa mtumiaji, naye anaweza kuifunga kwa shughuli zake na kuiweka maktaba yako yote foleni. Usifunge kabisa kwa `String` iliyoandikwa ndani ya msimbo au kwa `Integer`: thamani hizo zinaweza kuwa obijekti moja inayotumiwa na sehemu zisizohusiana, na kompaila ya Java tangu toleo la 16 hukuonya ukifunga kwa `Integer` na aina zinazofanana nayo.

Hilo linajibu nusu ya swali la pili. Nusu iliyobaki ni kwamba `synchronized` kwenye kila methodi hailindi mwanya ulio kati ya methodi mbili, kama tulivyoona katika hatua iliyotangulia. `Vector` na `Hashtable` zimefungwa hivyo tangu toleo la kwanza kabisa la Java, na bado mtu anaweza kukosea nazo kwa namna ile ile.

Sasa tuseme maktaba yako inawaarifu wasikilizaji kila risiti inapopokelewa. Msikilizaji ni msimbo wa mtu mwingine: anaweza kuchelewa, kurusha hitilafu, au kuuita tena msimbo wako kutoka uzi mwingine na kungoja. Ukimwita huku umeshika kufuli, umemkabidhi funguo za nyumba. Kwa orodha ya wasikilizaji tumia `CopyOnWriteArrayList`, ambayo hunakili safu yake yote kila inapoandikwa na kumwacha anayeipitia aendelee na nakala aliyoanza nayo:

```java
private final List<Consumer<Risiti>> wasikilizaji =
        new CopyOnWriteArrayList<>();

private void arifu(Risiti risiti) {
    for (var msikilizaji : wasikilizaji) {
        try {
            msikilizaji.accept(risiti);
        } catch (RuntimeException e) {
            LOGU.log(Level.WARNING, "msikilizaji ameshindwa", e);
        }
    }
}
```

Inafaa kwa wasikilizaji kumi wanaosajiliwa programu inapoanza. Haifai kwa risiti elfu kumi zinazoongezwa mfululizo, maana kila nyongeza ni nakala ya orodha nzima.

Ukilazimika kushika makufuli mawili kwa pamoja, kwa mfano kuhamisha fedha kati ya akaunti mbili, yashike kwa mpangilio mmoja siku zote, tuseme akaunti yenye namba ndogo kwanza. Anayehamisha kutoka A kwenda B na anayehamisha kutoka B kwenda A wakianza kila mmoja na kufuli lake, wote watasubiri milele. Mara nyingi hilo ndilo jibu la swali la tatu.

Hatua ya 5: Jenga akiba yenye kikomo

Karibu kila maktaba hufika mahali inapohitaji akiba (cache) ndogo ya vitu vilivyotumika karibuni, na Java ina njia fupi ya kuijenga: `LinkedHashMap` yenye kigezo cha tatu `true`, inayopanga vitu kwa mpangilio wa kutumiwa, na kumwondoa mkongwe kupitia `removeEldestEntry`.

```java
/** Salama kwa nyuzi nyingi. Haikubali null. */
public final class AkibaYenyeKikomo<K, V> {
    private final Object kufuli = new Object();
    private final Map<K, V> ramani; // Inalindwa na kufuli

    public AkibaYenyeKikomo(int kikomo) {
        if (kikomo < 1) {
            throw new IllegalArgumentException("kikomo kiwe 1 au zaidi");
        }
        this.ramani = new LinkedHashMap<>(16, 0.75f, true) {
            @Override
            protected boolean removeEldestEntry(Map.Entry<K, V> mkongwe) {
                return size() > kikomo;
            }
        };
    }

    public Optional<V> tafuta(K ufunguo) {
        Objects.requireNonNull(ufunguo);
        synchronized (kufuli) {
            return Optional.ofNullable(ramani.get(ufunguo));
        }
    }

    public void weka(K ufunguo, V thamani) {
        Objects.requireNonNull(ufunguo);
        Objects.requireNonNull(thamani);
        synchronized (kufuli) {
            ramani.put(ufunguo, thamani);
        }
    }

    public Map<K, V> nakala() {
        synchronized (kufuli) {
            return new LinkedHashMap<>(ramani);
        }
    }
}
```

Kosa la kawaida hapa hufanywa na watu hodari, si na wazembe. Mtu hutazama msimbo huu na kusema kwamba kusoma ni kwingi kuliko kuandika, kwa hiyo atumie `ReentrantReadWriteLock`, `tafuta` ishike kufuli la kusoma, na wasomaji wengi waingie pamoja. Lakini katika ramani inayopangwa kwa matumizi, `get` ni kuandika: kila unapokitafuta kitu, ramani hukitoa mahali kilipo kwenye mnyororo wake wa ndani na kukipeleka mwisho. Wasomaji wawili wakiingia pamoja, mnyororo unaweza kukatika. Matokeo huwa vitu vinavyopotea, au `NullPointerException` kutoka ndani kabisa ya klasi ya Java yenyewe, na hapo mtu huanza kuilaumu Java. Neno `get` lilimdanganya.

Mambo mawili zaidi. `nakala` inarudisha ramani mpya na siyo `ramani.keySet()`, kwa sababu mtazamo wa moja kwa moja ukitoka nje ya klasi, umetoka nje ya kufuli pia. Na mtumiaji anayeita `tafuta` kisha `weka` anaweza kupakia kitu kimoja mara mbili. Huo ni mwanya ule ule wa Hatua ya 3, lakini hapa nimeuvumilia, kwa sababu kupakia mara mbili ni hasara ya milisekunde, ilhali kwenye daftari la risiti ni fedha ya mtu.

Ukihitaji akiba kubwa, yenye muda wa kuisha na nyuzi nyingi zinazoshindana, usiendelee kuipanua hii. Tumia Caffeine, maktaba ya Java iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Hatua ya 6: Weka kikomo kwenye foleni, na ujue nani anaifunga

Ikiwa maktaba inashughulikia risiti nyuma ya pazia, unahitaji foleni na kundi la nyuzi. `Executors.newFixedThreadPool(4)` ina idadi maalumu ya nyuzi, lakini foleni yake haina kikomo chochote cha maana. Hifadhidata ikipunguza kasi siku ya mishahara, kazi hurundikana humo hadi kumbukumbu inakwisha. Jenga kundi kwa mkono:

```java
var kundi = new ThreadPoolExecutor(
        4, 4, 0L, TimeUnit.MILLISECONDS,
        new ArrayBlockingQueue<>(1_000),
        kazi -> new Thread(kazi, "risiti-mchakato"),
        new ThreadPoolExecutor.CallerRunsPolicy());
```

Foleni ikijaa, sera ya `CallerRunsPolicy` humfanya aliyeleta kazi aifanye mwenyewe, na kwa hiyo kasi ya kuleta hupungua bila mtu kupoteza risiti. Jina la uzi si pambo. Utalihitaji katika utatuzi.

Bora zaidi, mruhusu mtumiaji akupe `Executor` wake kupitia konstrakta, na usilifunge kundi usilolianzisha. Ukiwa umelianzisha mwenyewe, klasi yako itekeleze `AutoCloseable`, na `close` iite `shutdown`, ingoje kwa `awaitTermination`, kisha `shutdownNow` muda ukipita. Usianzishe nyuzi kwenye uga wa `static`.

*Tahadhari.* Ukikamata `InterruptedException`, usiimeze. Ama irushe juu, ama uite `Thread.currentThread().interrupt()` kabla ya kutoka, la sivyo aliyeomba uzi usimame hatasikilizwa.

Kuhusu nyuzi pepe (virtual threads) za Java 21, yaani nyuzi nyepesi zinazosimamiwa na Java yenyewe na kubebwa na nyuzi halisi chache: kabla ya toleo la 24, uzi pepe ukisubiri mtandao au hifadhidata ndani ya `synchronized` huung'ang'ania uzi halisi unaoubeba. Kwa kufuli linaloshikwa muda mfupi kwa kazi ya kumbukumbu tu, kama la akiba yetu, hakuna shida. Kwa kufuli linaloshikwa wakati wa kusubiri, tumia `ReentrantLock`, na `unlock` iwe ndani ya `finally`.

Hatua ya 7: Jaribu kwa nyuzi zinazoanza kwa kipenga kimoja

```java
@RepeatedTest(500)
void risitiHupokelewaMaraMojaTu() throws Exception {
    var daftari = new DaftariLaRisiti();
    var risiti = new Risiti("R-0001", 15_000, List.of("unga"));
    var kipenga = new CountDownLatch(1);
    var waliofaulu = new AtomicInteger();
    var nyuzi = new ArrayList<Thread>();
    for (int i = 0; i < 8; i++) {
        var uzi = new Thread(() -> {
            try {
                kipenga.await();
            } catch (InterruptedException e) {
                return;
            }
            if (daftari.pokea(risiti)) {
                waliofaulu.incrementAndGet();
            }
        });
        nyuzi.add(uzi);
        uzi.start();
    }
    kipenga.countDown();
    for (var uzi : nyuzi) {
        uzi.join();
    }
    assertEquals(1, waliofaulu.get());
}
```

Bila kipenga, uzi wa kwanza unaweza kumaliza kazi kabla wa nane haujazaliwa, na jaribio halitapima lolote. Kabla ya kuliamini, rudisha kwa muda msimbo wa `containsKey` na `put` uone kama linashindwa. Jaribio lisiloweza kushindwa halina faida.

*Tahadhari mbili.* `assertEquals` ikiwekwa ndani ya uzi mdogo, kosa lake hufa pamoja na uzi huo, na JUnit itaonyesha kijani. Ndiyo maana hapa imewekwa mwisho, kwenye uzi wa jaribio. Vilevile usitawanye `System.out.println` ukitafuta dosari, kwa kuwa uchapaji wenyewe una kufuli ndani yake na hubadilisha mwendo wa nyuzi. Dosari hutoweka ukiitazama na kurudi ukigeuka. Ukitaka upimaji mkali kuliko huu, tumia jcstress ya mradi wa OpenJDK.

Utatuzi wa matatizo

*`ConcurrentModificationException`, na nina uzi mmoja tu.* Unaondoa kitu kwenye orodha ndani ya kitanzi cha `for` kinachoipitia orodha hiyo hiyo. Tumia `removeIf`.

*Hitilafu hiyo hiyo, na nimetumia `Collections.synchronizedList`.* Kila methodi imefungwa, lakini kuipitia orodha ni mwito wa methodi nyingi mfululizo. Kitanzi chote kiwe ndani ya `synchronized (orodha)`.

*`UnsupportedOperationException` ninapoongeza kitu.* Orodha ilitoka kwenye `List.of`, `List.copyOf` au `Arrays.asList`. Ya mwisho inapotosha zaidi, kwani inakubali `set` na kukataa `add`.

*Uzi hausimami ingawa nimeweka `endelea = false`.* Uga huo si `volatile`, na uzi mwingine hauna sababu ya kuyaona mabadiliko yako.

*Programu imeganda, na prosesa haina kazi.* Pata namba ya mchakato kwa `jps`, kisha endesha `jstack` ukiipa namba hiyo. Tafuta maneno "Found one Java-level deadlock". Chini yake utaona ni uzi gani umeshika kufuli gani na unasubiri lipi. Hapo ndipo majina ya nyuzi yanapolipa. Maneno hayo yasipokuwepo, angalia nyuzi zilizo katika hali ya `WAITING` kwenye foleni ambayo hakuna anayeihudumia.

*Imeganda, lakini prosesa inachemka.* Tazama kama `jstack` inaonyesha nyuzi zimekwama ndani ya `HashMap`. Mtu ameitumia ramani ya kawaida katika nyuzi nyingi. Katika Java 7 na za nyuma, ramani iliyokuwa ikipanuka wakati huo iliweza kuzunguka bila mwisho, na matoleo mapya nayo hayakuahidi usalama.

*`main` imekwisha lakini programu haitoki.* Kundi la nyuzi halijafungwa. Rudi Hatua ya 6.

*Majaribio yote yamepita, na bado risiti imeingia mara mbili kwenye seva.* Uliza kwanza seva ni ngapi. `ConcurrentHashMap` hulinda nyuzi za mchakato mmoja. Ukiwa na seva mbili nyuma ya kigawanya mzigo, kila moja ina daftari lake, na seva ikiwashwa upya daftari linaanza tupu. Weka sharti la upekee kwenye safuwima ya namba ya risiti katika hifadhidata, na uiingize namba hiyo katika muamala ule ule unaoongeza salio, ili hifadhidata ikatae ya pili hata kama maktaba yako imeiruhusu. Daftari la kwenye kumbukumbu libaki kama kichujio cha mbele, cha kuipunguzia hifadhidata kazi.